"Turmoil" ni vurugu, machafuko au kitu gani? Wenye Kiingereza chao wanaitumiaje?

MwandikaSubtaito

Wakuu habari za muda huu. Naomba msaada kwa wale wanaoishi na Kiingereza kila siku, sio wa kunielekeza kwenye kamusi maana kamusi nimeshazichosha mwenyewe na zote zinaniambia kitu kimoja: turmoil ni vurugu, machafuko, ghasia. Sawa, lakini hainisaidii, na ntawaambia kwa nini.

Natafsiri maneno ya chini ya filamu, mara nyingine Kiswahili kwenda Kiingereza. Wiki iliyopita nilikuwa na sini ya kituo cha basi, basi limefika watu wanagombania mlango, begi limedondoka limefunguka nguo ziko chini zinakanyagwa, mtoto analia, dereva kashikilia honi haachii. Mhusika mmoja anasema "pale kituoni ni vurugu tupu". Nikaandika "There is turmoil at the bus stop". Mhariri wangu ni Mwingereza wa kuzaliwa, akakata, akaandika "It's chaos at the bus stop". Nikasema haya, labda ni ladha yake tu.

Kurasa kama nne mbele kuna mama kalala kitandani usiku, hajapata usingizi, chumba kizima hakuna kinachotikisika zaidi ya pazia, mumewe kamwambia jioni ile kwamba anaondoka. Maelezo yanasema akili yake imevurugika. Mimi kwa kuwa nshajifunza somo nikaweka "her mind was chaotic". Akakata tena!! Akaandika "her mind was in turmoil".

Yaani pale watu wanapokanyagana neno kalitoa, na pale mtu kalala kimyaaa hata mguu hausogezi ndo kaliweka. Nikamuuliza kwa nini, jibu lake: "it just sounds wrong". Basi. Wenye lugha yao ndo walivyo, anajua kwamba umekosea ila kosa liko wapi hakuambii.

Sasa naulizia: tofauti ni nini hasa? Na je ina wingi, naweza kusema turmoils? Na inatamkwaje maana nimesikia mtu anasema "tamoili" mwingine "tumoli".

Kipanga_77

Turmoil = sintofahamu. Chaos = vurugu. Kwisha kazi, tulale.

NuktaMkato

@Kipanga_77 mkuu hiyo sintofahamu imekuwa kama panadoli sa ivi, kila kitu kinachowashinda watu wa habari kukieleza ni sintofahamu. Watu wakigombana sintofahamu, umeme ukikatika sintofahamu, ndoa ikivunjika sintofahamu. Sintofahamu maana yake huelewi nini kinaendelea. Mtu aliye kwenye turmoil anaweza kuwa anaelewa vizuri sana kinachoendelea na ndo maana halali. Yule mama wa sini anajua kabisa mume anaondoka.

BibiSarufi

Mwandika, mhariri wako yuko sahihi mara zote mbili, ila nakubali amekufanyia ubahili kwenye maelezo. Ngoja nijaribu, nimefanya kazi na hawa watu miaka mingi na hili neno liliwahi kunisumbua vilevile.

Acha kwanza habari ya maana, angalia linakaa wapi kwenye sentensi. Utalikuta mara nyingi sana nyuma ya "in". Nchi iko in turmoil, chama kiko in turmoil, familia iko in turmoil, moyo uko in turmoil. Au linatanguliwa na kitu kinachomtupa mtu humo ndani, "thrown into turmoil", "plunged into turmoil". Maana yake ni hali ambayo kitu fulani kimo ndani yake na kinateseka nayo. Sasa kituo cha basi kinateseka nini? Kituo ni nguzo na kibao. Baada ya dakika kumi basi limeondoka na pako kimya.

Kwa hiyo swali la kujiuliza sio "je kuna fujo?" bali "nani kapatwa na hii hali, na imemkaa muda gani?" Kwenye Kiswahili vurugu na fujo zina mfanyaji, ukisikia kuna fujo unauliza nani kafanya, na atatafutwa. Turmoil haina mfanyaji, ina mpatwaji. Hausemi "they made turmoil" wala "he did a turmoil". Chaos inaweza kusababishwa, "cause chaos", na hata kuna watu wanaosifika kwa kuileta. Turmoil nayo inaweza kusababishwa, "cause turmoil", ila mara nyingi wanasema kitendo fulani kimekitupa kitu fulani humo.

Jambo la pili, chaos unaiona kwa macho. Chukua kamera piga picha ya kituo chako cha basi: nguo chini, watu mlangoni, chaos hiyo hapo umeipata. Haya piga picha ya yule mama kitandani. Utapata mtu kalala. Turmoil inatembea ndani kwa ndani, nje unaona dalili zake tu, macho mekundu, chai aliyoisahau ikapoa. Hata nchi ikiwa in turmoil si lazima barabarani kuwe na kitu, inawezekana serikali imevunjika, mawaziri wanajiuzulu mmoja mmoja na mtaani watu wanaendelea na shughuli zao.

Na sasa Kiswahili chake. Mimi naona kamusi zimekuangusha kwa sababu zimekimbilia vurugu wakati neno tunalo, na linakaa kama limepimwa na fundi: MSUKOSUKO. Misukosuko ya kisiasa. Misukosuko ya kiuchumi. Misukosuko ya moyo. Na angalia tabia yake, mtu HUKUMBWA na misukosuko, hafanyi misukosuko. Nani amewahi kusema "vijana wamefanya msukosuko kituoni"? Sikio lako limekataa hapo hapo, si ndio? Basi hivyo hivyo ndo sikio la mhariri wako lilivyokataa, na ukimuuliza yeye atakujibu haisikiki vizuri, kama ambavyo wewe ungejibu.

MwandikaSubtaito

Bibi!!! Msukosuko. Daah, nimekaa na hii kitu siku sita. Asante sana, naendelea kusoma, wengine msiache.

Mfungwa_wa_Meza

Hili neno liliniingiza matatani kazini, ngoja niwape mcheke.

Nilikuwa nafanya kazi kwa mbali na kampuni ya watu wa nje, bosi wangu mama mmoja mpole sana. Siku hiyo mafaili yamechanganyika, toleo la zamani limefuta jipya, wateja wawili wananiandikia kwa pamoja, na mimi natakiwa niwasilishe saa tisa. Nikamwandikia nikitaka tu kusema kazi zimenivurugikia leo nipe masaa mawili: "Sorry, I am in turmoil today, please give me two hours".

Haikupita dakika akanipigia. Sio ujumbe, kapiga simu. Sauti imeshuka ananiuliza kama niko salama, kama kuna mtu nyumbani yuko nami, ananiambia nisijali kazi kabisa, nichukue wiki nzima, halafu akanitumia namba ya mshauri nasaha. Mimi nimeshika simu huku nafungua faili naangalia saa. Nikawa najitetea no no ni mafaili tu, naona ndo anazidi kuamini nina tatizo nalificha.

Wiki mbili baadae, tumeshazoeana, akanieleza: ungesema "I'm swamped" (nimezidiwa na kazi) au "it's chaos here today" ningecheka nikakwambia pole. Mtu akisema mwenyewe yuko in turmoil sisi tunasikia msiba, talaka, au mtu yuko karibu kuvunjika.

Na cha ajabu, kinyume chake ndo kilinishangaza zaidi, hao hao chaos wanaitumia hovyo. Nakumbuka mmoja alitoka kwenye chumba cha mkutano akapita mezani kwangu akatikisa kichwa "absolute chaos in there". Nikajua meza zimepinduliwa. Nikachungulia kwenye kioo: watu wanne wamekaa, mikono mezani, wanaangalia ukuta ambao slaidi zimegoma kufunguka. Mmoja alikuwa anakunja kunja waya. Ndo absolute chaos hiyo.

NuktaMkato

😂😂😂 watu wanne na waya

Ila umegusa kitu, chaos kwao imeshalegea. Sebule yenye midoli chini, chaos. Treni ikichelewa nusu saa, magazeti ya Uingereza yanaandika "travel chaos", theluji ikidondoka vidole viwili "travel chaos" tena. Ukiisoma kama mgeni unadhani watu wamekufa. Turmoil haijalegea hivyo, mtu hasemi sebule iko in turmoil hata kwa utani, labda awe anajichekesha makusudi kwa kutumia neno kubwa.

Kipanga_77

Samahanini naomba nipinge. Mnasema turmoil haikai kwenye usafiri, mimi nimeshaona kwa macho yangu vichwa vya habari vya "travel turmoil" na sio mara moja. Na "airport turmoil". Sasa hao waandishi nao sio Waingereza? Mnatuwekea sheria ambazo wenyewe hawazifuati.

BibiSarufi

Umeona sawa Kipanga na nashukuru umeleta, ila angalia herufi. Travel turmoil, t na t. Ndo maana utakuta pia "Tory turmoil" kila chama cha Conservative (ndo hao Tory) kikigombana chenyewe kwa chenyewe, imekuwa kama wimbo. Mwandishi wa vichwa vya habari anapenda mgongano wa herufi kuliko anavyompenda mama yake, na anahitaji neno litakalojaa nafasi aliyopewa. Lugha ya vichwa vya habari ni lahaja yake, ukiiiga kwenye mazungumzo ya kawaida utachekesha. Hakuna abiria atakayempigia mkewe amwambie "darling, there's travel turmoil". Atasema "it's chaos here", "it's a nightmare", au "everything's cancelled" basi.

Lakini ntakupa nusu ya hoja. Kama mashirika ya ndege yamefuta safari wiki nzima, ratiba zimevurugika nchi nzima, watu hawajui watarudi lini, hapo "turmoil" inaanza kukubalika hata bila mchezo wa herufi, kwa sababu sasa sio tukio la mlangoni, ni sekta nzima imepatwa na imekaa humo siku kadhaa.

Kipanga_77

Nusu nimeipokea. Ila sintofahamu yangu sijaifuta.

Riba_na_Hisa

Nimeingia hapa kwa bahati tu ila kwenye fani yangu hili neno ni chakula cha kila siku, "market turmoil", "financial turmoil", na lina daraja lake ambalo watu wengi hawalijui kwa hiyo acha niseme.

Watu wa masoko ya fedha hawaliweki sawa na "crisis". Turmoil iko chini yake ngazi moja. Mfano mzuri ni mtikisiko ule wa 2007 na 2008. Tarehe 9 Agosti 2007 benki ya BNP Paribas ilizuia watu kutoa hela kwenye mifuko mitatu ya uwekezaji kwa sababu haikuweza kujua thamani halisi ya mali za mikopo ya nyumba ya Marekani zilizokuwemo. Benki zikaanza kuogopana kukopeshana. Kipindi hicho chote, zaidi ya mwaka, ukisoma maandishi ya Benki Kuu ya Ulaya utakutana na "the turmoil", "financial market turmoil". Halafu 15 Septemba 2008 benki ya Marekani ya Lehman Brothers ikaanguka, na kuanzia hapo lugha inabadilika, sasa ni "crisis". Watu ni wale wale, kalamu ni zile zile, wamepanda ngazi.

Kwa nini turmoil kwanza? Kwa maoni yangu ni kwa sababu neno linabeba kutikisika bila kutamka kuvunjika. Kitu kinasukwa huku na huku ila bado kiko kwenye chombo chake. Mtu wa benki kuu hawezi kusema chaos, akitamka chaos asubuhi, mchana watu wako kwenye foleni kutoa hela zao. Turmoil ni neno lenye suti.

Mfano wa karibuni, Uingereza 23 Septemba 2022 serikali ya waziri mkuu Liz Truss ilitoa ile bajeti ndogo ya kupunguza kodi bila kueleza pengo litazibwaje. Pauni ikaporomoka, riba za hati fungani za serikali zikaruka, tarehe 28 Benki Kuu yao ikabidi iingie kununua hati hizo, na 20 Oktoba Truss akatangaza kujiuzulu. Magazeti yalitumia maneno yote mawili ila sio mahali pamoja. Masoko yalikuwa in turmoil. Serikali, hasa zile siku za mwisho wabunge wakidaiwa kusukumana kwenye korido za kupigia kura, ilikuwa chaos. Nadhani hata bila kamusi unaona mstari umepita wapi.

MwandikaSubtaito

"Neno lenye suti" naliiba hilo.

Kwa hiyo kitu kinasukwa ila bado kiko kwenye chombo. Hii inanifanya niulize limetoka wapi, asili yake, kuna anaejua?

MzeeWaVumbi

Mimi napenda kufukua haya mambo. Turmoil inaonekana kwenye Kiingereza mwanzoni mwa miaka ya 1500, na asili yake haina uhakika, wataalam hawajakubaliana. Ila dhana moja inayotajwa sana ni kwamba linatokana na neno la Kifaransa cha zamani la kile chombo cha juu ya kinu cha kusagia nafaka, kile kinachopokea punje na kuzidondoshea kwenye mawe. Kile chombo kinatikisika mfululizo, huku na huku, huku na huku, kutwa nzima, punje ndani yake hazitulii.

Sasa rudi kwa Bibi na msukosuko wake. Msukosuko kuna suka ndani yake, kusukasuka, kutikisa kitu kwa nguvu. Tunasuka maziwa kwenye kibuyu mpaka siagi ijitenge. Yaani kama hiyo dhana ya kinu ni ya kweli, basi Waingereza walichukua chombo cha nafaka na sisi tukachukua kibuyu cha maziwa, tukaishia sehemu moja. Nje chombo kizima, ndani mambo yanazungushwa. Sijaambiwa na mtu hili, nimeliona tu leo hapa nikiwasoma na nimefurahi mwenyewe kama mtoto.

Chaos ni hadithi tofauti kabisa, ni Kigiriki, na mwanzoni haikuwa na maana ya vurugu hata kidogo. Kwa Hesiodo, mshairi wao wa kale, Chaos ndo cha kwanza kabisa kuwepo, ni kama pengo, uwazi mkubwa unaopiga miayo. Baadae ndo watu, akiwemo Ovid wa Roma, wakaieleza kama lile bonge la vitu vyote vimechanganyika kabla ya ulimwengu kupangwa. Ndo maana hata leo chaos inanukia kukosa mpangilio, turmoil inanukia kukosa utulivu. Na kuna kajambo: neno gesi alilitunga mkemia van Helmont miaka ya 1600 akiliiga kutoka chaos. Kwa hiyo kila ukiwasha jiko la gesi umewasha chaos kidogo.

Waingereza wana familia kubwa sana ya haya maneno ya fujo. Pandemonium aliitunga mshairi wao Milton kwenye shairi lake la 1667, ni makao makuu ya mashetani huko kuzimu, sasa hivi ni darasa ambalo mwalimu katoka. Bedlam ni jina la hospitali ya wagonjwa wa akili ya London, Bethlem, lililoharibika mdomoni. Shambles zilikuwa bucha. Mayhem ni ndugu wa neno la kumkata mtu kiungo. Kila moja limeanza na damu au moto, likaishia kuelezea droo ya soksi.

NuktaMkato

Droo ya soksi 😂 Na upheaval je mzee? Maana nayo huwa wanaitafsiri machafuko, mimi napinga moyoni ila sina ushahidi.

MzeeWaVumbi

Upheaval ni kuinuliwa juu kutoka chini, watu wa miamba waliitumia kwa ardhi inayosukumwa juu. Kwa hiyo ni badiliko kubwa linalong'oa kitu mahali pake. Ndo maana Mwingereza akihama nyumba akabadilisha shule ya watoto na kila kitu anasema "it was such an upheaval", na hakuna mtu kapigana. Ukitafsiri hapo "yalikuwa machafuko" utakuwa umeipeleka hiyo familia vitani. Upheaval inaweza kwisha kwa siku moja, ile turmoil inayofuata ndo inakaa.

BibiSarufi

Kabla hatujapotelea kwa mashetani wa Milton, Mwandika aliuliza na mambo ya sarufi na matamshi, hatujamjibu.

Wingi: usitumie. Turmoils ipo kwenye vitabu vya zamani na kwa washairi, ila ukiiandika leo kwenye kazi ya kawaida itakatwa. Hapa ndo mtego wa sisi Waswahili, kwa sababu sisi tunapenda misukosuko kwa wingi, na machafuko nayo hayana hata umoja wa kueleweka, kwa hiyo mkono unakimbilia kuweka s. Ukitaka wingi weka muda, "months of turmoil", "years of turmoil". Kinachohesabika hapo ni ile miezi.

"A turmoil" inaruhusiwa sehemu moja tu ya kawaida, "in a turmoil", hasa kwa akili na hisia. Ila "in turmoil" bila a ndo salama siku zote, mimi ningekaa hapo.

Kivumishi haina. Hii inawasumbua watu kweli. Chaos ina chaotic, turmoil haijazaa. Nimewahi kuona "turmoily" kwenye insha ya mwanafunzi, nilimpa maksi za ujasiri. Wakitaka kivumishi wanaazima kwa majirani, "turbulent" au "tumultuous". Ndoa yenye misukosuko wanaita "turbulent marriage". Na hapa ona tena, turbulent ni neno lile lile la ndege inapotikiswa na hewa, nje bawa liko mahali pake, ndani roho za watu ziko juu.

Matamshi: mkazo unakaa mwanzoni, TUR. Ile silabi ya kwanza ina sauti ile ya "nurse" na "turn", ambayo sisi hatuna ndo maana kila mtu anabahatisha a au u. Mmarekani ataisikizisha r, Mwingereza wa London mara nyingi ataimeza. Silabi ya pili ni "oil" yenye m mbele, hamna ujanja. Kwa hiyo aliyesema tamoili yuko karibu zaidi, aondoe tu hiyo i ya mwisho tuliyomwongezea.

Mfungwa_wa_Meza

Na upande wa pili jamani, maana Mwandika anatafsiri kutoka Kiswahili. VURUGU. Hii ndo inawachoma watafsiri wengi. Ukikuta "vurugu zimetokea baada ya mechi" usiweke turmoil wala chaos. Hapo watu wamerushiana mawe. Kiingereza chake ni "violence" au "trouble", polisi wanapenda "disturbances". Fujo ya mlevi ni "he was causing trouble". Lakini "chumba kiko vurugu" ni "a mess", na "kazini leo ni vurugu tupu" ndo chaos. Neno moja la kwetu linakwenda milango minne, na turmoil sio mlango hata mmoja kati ya hiyo.

Isipokuwa akili ikivurugika, kama ya yule mama. Hapo kitenzi kinaweza kuvuka.

MwandikaSubtaito

Nimenakili kila kitu. Nimejaribu sentensi tano, naomba mnisahihishe, msinionee huruma:

1. Since the director left, the company has been in turmoil.
2. He smiled at the guests but inside he was in turmoil.
3. The children left the kitchen in turmoil.
4. After two years of political turmoil, they held elections.
5. The wedding ended in turmoil.

BibiSarufi

1, 2, na 4 safi kabisa, ya pili ningekuwa mimi ningeipigia makofi, tabasamu nje msukosuko ndani. Ya 3 umerudi kituo cha basi, jiko haliteseki, andika "left the kitchen in a mess".

Ya 5 inategemea. Kilitokea nini kwenye hiyo harusi?

MwandikaSubtaito

Ndugu wa bwana harusi na ndugu wa bibi harusi walishikana, viti vikaruka, keki ikaanguka.

BibiSarufi

Viti vikiruka ni chaos.

Riba_na_Hisa

Na hizo familia mbili kesho yake asubuhi?

BibiSarufi

Hao sasa ndo wako in turmoil.

Kipanga_77

Na sisi tuliokula keki ya chini tuko kwenye sintofahamu.